Walisema Ni Shingo

Nawaandikia watu wanaoanguka. Sisemi wenye kifafa, hao ugonjwa wao una jina na una vidonge. Nasema wale ambao wakilala ni wazima, wakikaa ni nusu wazima, wakisimama moyo unatimka na macho yanajaa giza. Nilikaa muda mrefu nikidhani niko peke yangu duniani. Katika muda huo nilimshuku kila mtu aliyekuwa karibu nami, na wao wakanishuku mimi. Sasa nimepata nafuu ya kuweza kuandika, ndiyo maana naandika.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Iguguno. Kwetu ni Mungaa, Unyaturuni, nikaolewa huku kwa Wanyiramba. Mume wangu anaitwa Yona. Miaka ile biashara zilipofunguliwa, kila mwenye uwezo kidogo alikuwa anaanzisha kitu: huyu basi, yule duka la dawa, mwingine mabelo ya mitumba. Yona na mwenzake walileta mashine ya kukamua alizeti, wakaifunga kando ya barabara kuu. Alirudi nyumbani kila jioni ananukia mashudu, amechoka na ana furaha. Tulikuwa na mtoto mmoja, Neema, na mama mkwe tuliishi naye uani.

Ilianza msimu wa mavuno ya alizeti. Nilipata homa kali ya matumbo, zahanati wakanichoma sindano mpaka ikaisha. Homa ilipoisha ndipo ugonjwa wenyewe ulipoanza. Nilikwenda bombani kuchota maji, nikasimama kwenye foleni kama watu wote. Kwanza vidole vikawa baridi. Nikatazama miguu yangu, imekuwa ya zambarau. Halafu moyo ukaanza kupiga kooni, mbio, mbio, sauti za wanawake zikawa zinatoka mbali. Nilipozinduka nilikuwa chini kwenye tope, jirani yangu Zainabu amenipakata kichwa.

Zainabu tulipakana naye ukuta kwa ukuta. Alikuwa anauza mitumba mnadani na sokoni, mwanamke mwenye sauti kubwa na mikono myepesi kusaidia.

"Mama Neema, una mimba?" akaniuliza.

"Sina."

"Basi una njaa. Twende ukanywe uji."

Uji haukusaidia kitu. Nilianguka tena jikoni, nikaanguka kanisani wakati wa sala ndefu, nikaanguka mlangoni pa darasa la nne. Zahanati walinilaza kitandani, wakanipima presha nikiwa nimelala, mganga akacheka: "Presha yako nzuri kuliko yangu, mwalimu." Akaandika malaria. Nilimeza dawa za malaria mpaka masikio yakawa yanalia kama nzi wameingia ndani. Nikarudi tena, akaandika upungufu wa damu. Mara ya tatu hakuandika. Aliniangalia tu, akaniuliza kama mume wangu anasafiri sana.

Nikaelewa anachouliza. Kijiji kizima kilikuwa kimeshaelewa kabla yangu.

Nilikuwa nimekonda, magauni yananining'inia. Kuoga nilioga nimekaa kwenye kigoda, maana nikiinua mikono kusugua nywele mwili ulitetemeka wote. Shingo na mabega vilikaza na kuuma, pale pale mwanamke anapobebea mzigo wa kuni, ingawa kuni nilikuwa sijabeba miezi mingi. Siku moja nikaona mama mkwe ameweka kikombe changu peke yake, kwenye kopo la kimbo lililokatwa, mbali na vyombo vingine.

"Mama, kikombe hiki kimefanya nini?" nikamuuliza.

"Hakijafanya kitu, mkamwana. Nimekiweka kisivunjike."

Nilikwenda Singida mjini kupima damu. Majibu yakatoka: sina virusi. Nilimwonyesha Yona, akasoma, akakunja karatasi, akasema, "Tumshukuru Mungu." Baada ya wiki chache akasema huenda mashine ya pale imekosea, twende tukapime hospitali nyingine. Tukapima tena wote wawili. Sina, na yeye hana. Hata hivyo kikombe changu kilibaki kwenye kopo.

Na mimi nikaanza yangu. Yona akichelewa mashineni, nilijiuliza amechelewa kwa nani. Mama mkwe akinipa mboga, niliisubiri ipoe huku nikimwangalia kama yeye mwenyewe anaila. Kwetu watu huzungumzia ulozi kwa sauti ya chini, na mimi mwalimu niliyesoma nilijikuta nauzungumzia kichwani mwangu. Ugonjwa usio na jina ni hivyo. Unaanza kumtafuta mtu wa kumbebesha.

Binamu yake Yona ndiye aliyeleta habari za mtaalamu wa shingo. Alikuwa amefungua kliniki Utemini, pale Singida mjini, kwenye nyumba ya kupanga, na mbele ameweka kibao kikubwa kimechorwa uti wa mgongo wa mtu kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Jina lake Bwana Anselmi. Watu walisema amesomea ng'ambo. Kila nilipouliza ng'ambo ipi, nilipata nchi nyingine.

Chumba cha kusubiria kilikuwa na viti vya plastiki, pazia jeupe na televisheni, kitu ambacho wengi wetu tulikuwa hatujazoea. Ilikuwa imewashwa bila sauti. Niliomba ruhusa nikalala kwenye mkeka ukutani, kwa sababu kukaa wima nako kulikuwa kunanichosha. Wagonjwa wengine wakasogeza viti vyao mbali kidogo. Mmoja tu hakusogea, Mzee Hamisi, mstaafu wa reli kutoka Itigi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nini kimekupata?"

Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kitu ambacho hakuna daktari alikuwa amenifanyia. Akasema yeye alikuja hapa amejikunja kiuno, ameletwa amelala nyuma ya pikapu, na sasa anakuja kwa miguu yake. Alisimama akanionyesha. Sikuona sababu ya mzee yule kunidanganya, lakini hata yeye nilimshuku. Nilijiuliza kama si mtu wa kukaa pale kusifia biashara.

Bwana Anselmi alikuwa mtu nadhifu, mpole, mikono yake ya moto. Aliniuliza maswali machache. Nilipotaja shingo, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta.

"Mshipa unaoongoza moyo unapita shingoni," akasema. "Mfupa wako wa juu umehama, umeubana. Tukiurudisha, moyo utatulia."

"Umejuaje kwamba umehama?" nikauliza.

"Nimeugusa."

Yona, aliyekuwa amekaa kando yangu, alinikanyaga mguu chini ya meza ili ninyamaze.

Nililala kifudifudi kwenye kitanda chenye tundu la kuingizia uso. Akanikanda taratibu mabega, na hapo nitasema kweli, nililia kwa raha. Ilikuwa miezi mingi mtu hajanigusa bila woga. Kisha akanigeuza chali, akanishika kidevu na kisogo, akasema, "Legea, mwalimu," akazungusha ghafla. Shingo ikalia kama kuni kavu. Nilishtuka mpaka miguu ikaruka. Lakini nilipoinuka kichwa kilikuwa chepesi, na maumivu ya mabega yalikuwa yamepungua.

Njiani tulipita mgahawa, nikanywa supu ya kongoro bakuli mbili zenye chumvi nyingi na maji mengi. Ndani ya basi Yona alininunulia nafasi ya kujilaza kiti cha nyuma. Siku zilizofuata nilisimama darasani karibu kipindi kizima. Yona alifurahi kama mtoto. Alimwambia kila mteja wa mashine kwamba mke wake kumbe alikuwa na shingo tu.

Ikawa ndiyo safari yetu. Mvua za kwanza zilianza, watu wakapanda, sisi tunakwenda Utemini. Kila nikirudi napata siku kadhaa nzuri, halafu narudi palepale, moyo unakimbia, miguu ya zambarau, giza machoni. Bwana Anselmi akasema mfupa una ukaidi. Nikauliza kwa nini hajawahi kunishika mkono akahesabu mapigo nikiwa nimesimama. Akasema mapigo ni matokeo, yeye anatibu chanzo.

Nikaanza kushuku hata nafuu yangu mwenyewe. Mara moja mgahawa ule ulikuwa umefungwa, tukarudi bila supu, na safari hiyo sikupata siku nzuri hata moja. Shingo ilikuwa imelia vilevile. Nilimwambia Yona.

"Sasa unataka kusema kongoro ndiyo dawa?" akasema. "Mtaalamu amesoma, wewe unaleta mambo ya mgahawani?"

Nikaenda tena.

Siku ya mwisho kwenda kule ilikuwa ya mvua kubwa, barabara imejaa matope, tukafika tumechelewa. Bwana Anselmi akasema leo atakwenda ndani zaidi, tumalize kazi. Alizungusha shingo upande wa kulia, ikalia. Akazungusha kushoto, kwa nguvu ambayo hakuwahi kuitumia. Taa ya darini ikawa taa mbili. Mkono wa kushoto ukafa ganzi mpaka kwenye vidole. Nilitaka kusema "acha," ulimi ukawa mzito, likatoka neno ambalo si la Kiswahili wala la Kinyaturu.

Walinibeba mpaka chumba cha kusubiria, wakanilaza sakafuni. Mzee Hamisi, ambaye siku hiyo alikuwa amekuja tu kusalimia, alivua koti lake akalikunja chini ya kichwa changu. Hapo ndipo shaka yangu juu yake ilipoisha, nikaona aibu. Taratibu taa zikarudi kuwa moja. Mkono ukaanza kuchomachoma kama siafu, kisha ukarudi. Baadaye niliambiwa kwamba nilikuwa na bahati, na kwamba siku ile ile nilitakiwa kupelekwa hospitali. Hakuna aliyenipeleka.

Bwana Anselmi alichuchumaa karibu yangu. Jasho lilikuwa linamtoka.

"Nataka kukuuliza kitu kimoja," nikamwambia. "Umewahi kumtibu mtu mwenye shida kama yangu, wa kuanguka akisimama, akapona?"

Akatazama pazia. Akatazama wagonjwa waliokuwa wanasikiliza.

"Wa migongo wengi," akasema. "Wa kichwa pia."

"Nimeuliza kama mimi."

"Hapana, mwalimu," akasema kwa sauti ndogo. "Wewe ndiye wa kwanza. Nilisoma mahali kwamba inawezekana."

Nilimheshimu kwa jibu hilo. Lakini sikumpa shingo yangu tena.

Nyumbani palichafuka. Yona alisema nakataa kupona. Alisema amehangaika, ameacha mashine, amebeba maneno ya watu, na mimi nashinda nikibishana na mtaalamu. Mama mkwe akaongezea kwa Kinyiramba, akidhani sielewi, kwamba mtu anayekataa dawa anajua anachoumwa. Nilikuwa nimeishi nao miaka saba. Nilielewa kila neno.

Baada ya hapo Yona akawa na safari za posta. Nilihisi kuna jambo, na safari hii shaka yangu ilikuwa ya kweli. Alasiri moja kaka yangu Gidioni akashuka kwenye lori mbele ya nyumba. Yona alikuwa amemwita.

"Shemeji, mchukue dada yako akapumzike kwenu kidogo," Yona akasema bila kuniangalia.

"Kidogo mpaka lini?" Gidioni akauliza.

Nilifunga nguo zangu nimekaa kitandani. Neema alibaki, kwa sababu ya shule. Hilo sitalieleza zaidi.

Kule Mungaa mama yangu hakuuliza maswali. Alinitandikia kitanda karibu na mlango ili nione ng'ombe wakitoka na kurudi. Nilipomkanya asinywee kikombe changu, kwa kuwa nilikuwa nimeshazoea, alikichukua akanywa chai yote iliyobaki, akakirudisha.

Yeye ndiye aliyenipeleka hospitali ya misheni. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi pamoja na akina mama wajawazito na watoto wenye vifua. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye haraka, hakutabasamu. Nikasema moyoni, huyu naye ataandika malaria. Alinilaza, akashika mkono wangu, akahesabu akiangalia saa yake. Kisha akasema, "Simama. Usiegemee." Akaendelea kunishika mkono. Kadiri dakika zilivyokwenda uso wake ulibadilika. Nilipoanza kuyumba akanilaza mwenyewe.

"Ukilala moyo wako ni wa mtu anayepumzika," akasema. "Ukisimama ni wa mtu anayepandisha mlima, na bado hujapiga hatua. Damu inashuka miguuni, moyo unaikimbilia. Ulipata homa kali kabla ya haya?"

Nililia. Nililia kwa sababu ameuliza.

Akanitajia jina la ugonjwa, jina refu la Kiingereza ambalo mpaka leo nikilitamka nakosea. Akasema hana dawa ya kuung'oa, na yeyote atakayeniahidi kuung'oa nimtilie shaka. Ninywe maji mengi, nile chumvi zaidi ya watu wengine, nivae soksi ndefu zinazobana miguu, nisiinuke ghafla, nianze mazoezi nikiwa nimelala.

"Na shingo?" nikauliza. Nikamsimulia ya Utemini.

Alikasirika, sijui kama alinikasirikia mimi au Bwana Anselmi. Akanipima mikono, macho, akaniambia niguse pua yangu kwa kidole. "Misuli ya shingo inauma kwa sababu damu haiifikii vizuri ukisimama," akasema. "Kukandwa kutakupa raha, mwambie mama yako akukande. Lakini kuzungusha ghafla, usimruhusu mtu tena. Kichwa chako kinalishwa kupitia hapo."

Msidhani nilimwamini. Redioni walikuwa wanasema chumvi ni mbaya, na huyu ananiambia nilambe chumvi. Nilipofika nyumbani nilikaa siku mbili nikiiangalia chumvi kwenye kibuyu. Ndipo nikakumbuka kongoro. Nikaanza.

Haikuwa miujiza. Wiki za kwanza sikuona kitu. Zainabu, aliposikia habari za soksi, alifumua belo zima sokoni akanitafutia soksi nzito za kubana, za bibi fulani wa Ulaya huko, akazituma na dereva wa lori zikiwa zimefungwa kwenye kanga. Zilikuwa za rangi ya nyama mbichi, mbaya kupita kiasi. Nilizivaa chini ya kitenge kila asubuhi kabla sijashusha miguu. Kiangazi kilipoingia niliweza kusimama mpaka ng'ombe wote wapite mlangoni. Upepo wa baridi ulipoanza niliweza kwenda kisimani na kurudi, bila ndoo.

Yona alikuja wakati wa mavuno. Alimsalimia mama yangu kwa kuinama sana, kisha akakaa kwenye jiwe, mbali na mimi. Alikuwa ameleta Neema, aliyenirukia mpaka nikakaa chini. Na nyuma ya gari kulikuwa na kiti kirefu cha mninga, kama cha kaunta, chenye mahali pa kuegeshea miguu.

"Cha nini?" nikauliza.

"Cha darasani. Gidioni ameniandikia alichosema daktari. Nimempelekea fundi, nimemwambia kifike ubaoni ukiwa umekaa."

Halafu akasema, "Niliogopa. Kila ulipoanguka nilidhani ndiyo mwisho, na sikutaka kuuona."

"Mimi nilikuogopa wewe," nikamwambia. "Bado nakuogopa."

Alikubali kwa kichwa. Nilirudi Iguguno, lakini kumwamini kulichukua muda mrefu kuliko kusimama. Mama mkwe hakuomba radhi. Nilikuta kikombe kimerudi kabatini na vingine, na kila mboga anayonipa huitia chumvi kwanza kwa mkono wake mwenyewe, akiniangalia.

Sasa wewe unayeanguka, sina dawa ya kukupa. Nakupa maswali. Mwulize anayekutibu kama amekupima ukiwa umesimama. Mwulize kama amewahi kumwona mtu kama wewe, na yuko wapi leo. Akikasirika, ondoka. Akikwambia hajui, huyo mpe nafasi ya pili ya kuongea, lakini shingo yako baki nayo. Na ukiona nafuu, usimpe sifa mtu wa kwanza aliye karibu, chunguza ulikula nini na ulilala wapi. Shaka ilinitesa sana nilipoielekeza kwa watu wa nyumbani mwangu. Nilipoielekeza kwa ugonjwa, ilinisaidia.

Wiki ya pili baada ya kurudi kazini, mratibu elimu wa kata alikuja shuleni bila taarifa. Watoto walikuwa mstarini, walimu wamesimama mbele, mimi nimekaa kwenye kiti changu kirefu mwishoni mwa safu. Asubuhi ile haikuwa nzuri, nilikuwa nimeshayahisi mapigo kooni. Bendera ikapandishwa, watoto wakaanza wimbo wa taifa. Kila mtu alikakamaa. Mratibu aligeuza macho bila kugeuza kichwa, akaniona. Nilishika kingo za kiti. Naweza kuinuka nianguke kabla ya ubeti wa pili, nikawaza, na wote wataamini. Sikuinuka.

Wimbo ulipoisha alinijia moja kwa moja.

"Mwalimu, wimbo huu kwenu hausimamiwi?"

"Shikamoo, mratibu. Nikisimama hapa naanguka mbele ya watoto. Mimi ni mgonjwa. Mwalimu mkuu anajua."

"Mbona mtu anakuona mzima?"

"Ni kwa sababu nimekaa."

Aliniangalia usoni, akaangalia soksi zangu za ajabu zilizochungulia chini ya kitenge. Sikuweza kujua kama ameniamini. Nilingoja ile hamu ya kujieleza inipande, ya kutaja homa, bomba, karatasi za damu, shingo. Haikuja. Nilishuka taratibu, nikachukua chaki, watoto wawili wakabeba kiti, nikaingia darasa la nne kufundisha hesabu za sehemu.